Bibi Farasi Amefuata Mkia Wake

Usiku wa kuamkia leo niliota nimefungua friji kutafuta maji ya kunywa, nikatokea kwenye onyesho la mwisho la Ngurumo za Sebuleni.

Kama hamwajui si kosa lenu, hakuna anayewajua. Ni watu wanne wa hapa Tanga. Watatu wana fidla na mmoja ana chelo, ile fidla kubwa ambayo mpigaji huibana kwa magoti. Wanapiga roki. Hawana gitaa, hawana ngoma, na wakikolea unadhani bati linang'oka juu ya nyumba. Nimewasifia kwa watu mpaka watu wakasema nina jini. Haya, ninalo, lakini lina masikio.

Da Semeni, mwenye chelo, alikwisha kutangaza kwamba Jumamosi hii ndiyo basi. Singa za upinde wake, yaani zile nywele za mkia wa farasi zinazosugua nyuzi, zimekatika karibu zote, na za kubadilisha hazipatikani. Mtaa wetu wa Ngamiani wenyewe hauna ngamia, sembuse farasi. Lakini mimi najua singa ni kisingizio. Kilichomchosha ni kupigia viti vitupu. Jambo hilo lilinikaa kifuani wiki nzima, nadhani ndiyo maana nikaliota.

Mlangoni amekaa chelo mmoja mzee, chombo chenyewe, kavaa miwani, mbele yake beseni la kufulia. Ana sauti ya shangazi yangu.

"Weka makofi yako hapa," ananiambia.

Namuuliza kulikoni. Anasema muziki wa nyuzi una adabu zake, mtu hapigi makofi mpaka wimbo uishe kabisa, na kwa kuwa watu wa mji huu hawajui kungoja, makofi yanaachwa mlangoni na kuchukuliwa mwisho. Nikayavua. Yalitoka kirahisi, kama bangili zilizopakwa sabuni, nikayatia kwenye beseni. Yalikuwa peke yake humo. Nikajaribu kugonganisha viganja, kimya.

Ndani ni sebuleni kwangu. Muziki huu sheria yake upigwe chumbani, basi walitafuta chumba wakaona changu kinafaa, na hakuna aliyeniuliza. Kochi langu lipo, pazia langu lipo, na katikati kuna viti vya plastiki vya kukodi, vya buluu, vimejipanga bila watu.

"Sisi tumezoea arusi," kimoja kinanung'unika. "Hapa hata pilau hainuki."

Nikakiambia kama kilitaka pilau kingezaliwa sufuria. Kikanigeuzia mgongo kwa kinyongo.

Ngurumo wanaanza. Da Semeni anainamisha kichwa, anavuta upinde wenye singa chache zilizobaki, na sakafu inatetemeka mpaka vikombe vyangu kabatini vinaulizana kuna nini. Wako katikati ya wimbo pale mlango wa kabati unapofunguka, anatoka farasi. Ni jike, mzee, mweupe. Mkia hana, na nyuma amejifunga kanga iliyoandikwa: Nguo ya Kuazima Haisitiri Matako. Nikaona haya kuisoma mara ya pili.

"Shikamoo, bibi," nasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata mkia wangu."

Muziki unakatika. Bibi farasi anaeleza bila ugomvi. Alipoazimisha mkia aliahidiwa kwamba utasikiwa na watu. Tangu hapo anafukuza nzi kwa masikio, na masikio mawili hayafiki kila mahali. Sasa amepata habari kwamba mkia wake unapigiwa viti. Kama ni hivyo, anaomba arudishiwe.

Da Semeni hakubisha. Hilo ndilo lililoniuma. Alishusha upinde, akaanza kuzifungua singa moja moja, taratibu, kama mtu anayemvua viatu mtoto aliyelala. Wenzake wakatazama chini.

"Nani amezisikia?" bibi farasi anauliza.

"Mimi."

"Wewe ni mmoja."

"Na mmoja ni mtu, bibi."

Akasema sawa, aliyesikia hupiga makofi, basi nipige. Nikapiga, kimya. Nikakimbilia mlangoni kudai makofi yangu. Chelo akanitazama juu ya miwani, akasema makofi hutolewa wimbo ukiisha. Nikamwambia wimbo hauwezi kuisha bila singa. Akasema hayo ni yangu, yeye kazi yake ni beseni.

Nikarudi nimenywea. Hapo ndipo nilipokumbuka mimi ni mtoto wa wapi. Kwetu mpiga taarabu akikukuna moyo, hukai kitini ukangoja amalize. Unainuka, unakwenda kwa maringo, unamtuza pale pale, wimbo ukiwa katikati, na atakayenuna anune. Sikuwa na kitu mkononi, lakini nilikuwa na kichwa. Alhamisi nilishinda kutwa kwa Bi Mwantumu nikisukwa rasta mpya, zile nywele za bandia za dukani, ndefu mpaka kiunoni.

Mara sebule imekuwa saluni ya Bi Mwantumu, na mwenyewe yupo, ameshika kitana. Kabla sijafungua mdomo ananiambia yeye harudii kusuka bure. Nikachukua mkasi wake mezani, nikakata msuko mmoja nyuma ya sikio. Nikaenda mbele kwa maringo.

"Da Semeni," nikamwambia, "siku ile ya mvua kubwa tulikuwa wawili ukumbini, mimi na fundi wa umeme. Mlipiga mpaka mwisho kama tumejaa. Wiki ile nilikuwa nimemzika mama. Sikuja kustarehe, dada. Nilikuja kukaa mahali penye kitu kinacholia kuliko mimi. Ukiacha, mimi nitakwenda wapi?"

Da Semeni akapokea ule msuko kwa mikono miwili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Bibi farasi akasogea, akaunusa. "Rangi hii ni namba ngapi?"

"Thelathini na tatu."

"Si ya farasi," akasema, "lakini imetoka kwenye kichwa kilichosikia." Akachukua singa zake, akazifunga chini ya kanga, akapiga nzi mmoja kwa mkia kujaribu. Akaridhika. Akatuaga vizuri na kurudi kabatini.

Da Semeni anaufumua msuko, anaufunga kwenye upinde, anaupaka ule ulimbo wa kushikia nyuzi, na unga mweupe unamwagikia gauni lake. Anaanza pale pale alipokatizwa. Sauti inatoka nzito, yenye mikwaruzo, tamu, mpaka mapazia yanajikunja yenyewe. Wale watatu wanamfuata. Kiti kile cha buluu kinasema "kumbe" na kinaanza kutikisa miguu. Kisha nasikia makofi. Ni yangu, yametoka kwenye beseni kabla ya wakati, yanapiga yenyewe huku na huku hewani, na chelo anayakimbiza na kandambili.

Simu ndiyo iliyoniamsha. Kulikuwa kumekucha. Nikapeleka mkono kichwani kujikuna, nikakuta nyuma ya sikio msuko mmoja umebaki urefu wa kidole, umekatwa, na ncha yake inanata kama ulimbo.

Ujumbe ulikuwa wa Da Semeni, ambaye si kawaida yake kuandika asubuhi.

"Hadia mdogo wangu, Jumamosi tupo, na Jumamosi ijayo pia. Ile namba ya rasta uliyomtajia bibi sikuishika vizuri. Wenye fidla nao wanazitaka."