Sauti ya Ilene Kwenye Redio

Nimekaa mbele ya redio ya zimamoto, katika mji wetu wa Haldane, Kansas, kwa miaka kumi na tisa. Kazi hii haina mshahara. Mawingu ya Mei yakianza kupanda, watu wetu huchukua pikapu zao wakaenda kusimama nje ya mji, kila mmoja upande wake, wakatazama mbingu. Wakiona kitu wananiambia kwa redio, nami naipigia simu ofisi ya hali ya hewa. Rada yao iko mbali, haioni kinachotendeka karibu na ardhi.

Delbert Ratzlaff ndiye aliyekuwa na macho kuliko wote. Alikuwa fundi wa mashine za kuvunia ngano, mtu wa maneno machache. Maneno yote ya nyumba ile alikuwa nayo mkewe, Ilene. Naye alikuwa na leseni ya redio, na tangu avunjike nyonga mwezi wa pili, alishinda jikoni akitusikiliza na kutuchokoza.

Jumamosi ile, saa kumi jioni, Delbert aliita kutoka kilimani.

"Verna, mvua ya mawe. Makubwa kama mayai ya kuku."

"Kuku wa nani?" Ilene akadakia. "Wetu hawatagi hata kokoto."

"Ilene, tuachie masafa," nikamwambia, huku nacheka.

Baada ya dakika chache mkonga wa kimbunga ukashuka kutoka wingu. Delbert alisema umegusa ardhi na unakwenda kaskazini, yaani ungepita mbali na mji. Watu mia tatu walikuwa shuleni, katika ukumbi wa michezo, kwenye mahafali ya watoto wao. Nikashusha pumzi. Waangalizi wengine wawili walikuwa upande wa mji, na kwao mvua ilikuwa ukuta mweupe. Delbert peke yake ndiye aliyekuwa anauona.

"Verna, unakunja," akasema. "Unakuja mashariki. Umeshika barabara yetu. Naenda kumtoa Ilene."

Shamba lao liko kati ya kile kilima na mji. Handaki lao la kujikinga na vimbunga liko uani, na Ilene asingeweza kushuka ngazi zake peke yake. Nilikuwa na simu sikioni, na kijana wa hali ya hewa ananiuliza: unaelekea wapi sasa?

"Delbert, ukiondoka hatuna mwingine," nikasema. "Watu wako ukumbini. Nimetuma gari la zimamoto kwa Ilene."

Ni kweli nilikuwa nimelituma. Nilijua pia kwamba lilikuwa ng'ambo ya pili ya mji.

Aliyejibu ni Ilene, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Delbert, nimesikia yote. Baki hapo hapo. Mimi nimeshajikokota mpaka bafuni."

"Ingia kwenye beseni la kuogea. Jifunike."

"Nimo. Wewe tazama mbele, mzee wangu. Waambie kinapokwenda."

Akawaambia. Kwa dakika sita alitusomea njia ya kile kimbunga kwa sauti ile ile aliyotajia mvua ya mawe. Uko shambani kwa jirani Penner. Umevuka kijito. Uko juu ya nyumba yetu. Umepita, unaelekea shuleni, upande wa kusini. Mimi nikayapeleka maneno yake yalivyo, na mwalimu mkuu akawateremsha watu wote kwenye vyumba vya chini. Paa la ukumbi liling'oka likaangukia viti vitupu. Shuleni hakufa mtu.

"Verna," Delbert akasema, "sasa naenda."

"Nenda."

Alifika kabla ya gari la zimamoto. Wazimamoto walimkuta akiondoa matofali kwa mikono, na Ilene alikuwa ameshakufa.

Mji mzima ulikuja kuzika. Watu walimletea Delbert viazi vya kuoka na mikate hadi pakakosekana pa kuviweka. Kila aliyemshukuru alimjibu, "Mshukuruni Ilene."

Mwezi wa sita niliendesha gari kutoka kile kilima hadi ilipokuwa nyumba yao, saa iko mkononi. Dakika tano. Nikakaa pale garini hadi jua likazama. Sikumwambia mtu.

Mwezi wa tisa Delbert alikuja kituoni, akaweka redio yake mezani.

"Ulipima ile njia?" akaniuliza.

"Nilipima."

"Ngapi?"

"Tano."

"Mimi nilipata tano na nusu." Akaketi, akaivua kofia yake. "Ingekuwa leo, ungeniambia tena nibaki?"

Nilitamani kumdanganya. "Ningekuambia, Delbert."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyelijua jibu tangu nyumbani. Nikaanza kusema naomba, akaninyooshea kiganja.

"Usiniombe msamaha, Verna. Ukiniomba itabidi nikupe, na bado sina."

Miaka minne imepita. Pale kilimani sasa anasimama mwalimu mmoja wa kike, mwangalifu sana. Delbert anakaa kwenye nyumba ndogo karibu na ghala la nafaka. Tukikutana dukani ananisalimia, namsalimia, kila mmoja anasukuma kitoroli chake. Huwa nasimama kidogo kwenye rafu ya mikate, ili kama analo neno, anikute hapo.