Mkubwa Mpya wa Pampu

Ernestine alimwona mumewe akiingia na gunia kichwani, akadhani ni unga. Kumbe makuta, noti tupu! Banza alilitua katikati ya sebule, sebule iliyokuwa ya Kanku, mkubwa wa zamani, hadi mwezi uliopita, akajipiga kifua. Huo ndio mshahara wa mkubwa wa pampu.

Pampu gani? Zile za kutoa maji mgodini zilikuwa zimenyamaza zote. Waliojua kuzitengeneza walikuwa stesheni na familia zao, wamelala juu ya mizigo wakingoja treni ya Kasai, kwa sababu Banza na wenziwe walizunguka mtaa wote wa Dilala wakipiga kelele kwamba watu wa Kasai ni wageni, warudi kwao. Alitaka cheo cha Kanku, akakipata. Alitaka nyumba, akaipata. Maji nayo yakapata shimo la kuchimbia shaba, yakalijaza.

Zamani kampuni iliuza shaba, ikanunua mahindi, kila mfanyakazi akapewa posho yake ya unga. Sasa haikuwa na shaba ya kuuza, ikawa inagawa noti zilizoletwa kwa ndege kutoka Kinshasa, nyingi kuliko majani ya mihogo. Na Banza, mtu mzima na ndevu zake, akaamini amepandishwa mshahara! Asiyejua maana haambiwi maana.

Ernestine alifunga noti kwenye kitenge, akaenda soko la Manika. Wauzaji wachache waliobaki walimcheka; noti zake zote hazikutosha hata kikombe cha unga. Watoto walikuwa hawajaonja bukari, ugali wao, tangu juzi. Akameza aibu, akaenda stesheni kwa mke wa Kanku, Mama Odile, aliyekuwa amekalia gunia lake la mwisho la unga.

"Mama, uniuzishie bunga."

"Na ile makuta? Kwetu Kasai banaikatala," Odile akajibu. "Batoto yako habana kosa. Lakini bwana yako akuye yeye mwenyewe, aombe."

Banza alikataa katakata kwenda kuomba, mpaka watoto walipoanza kulia. Ndipo akajitwika mshahara wake, akapita mbele ya vijana aliowaweka mwenyewe pale stesheni kuwazuia wageni wasirudi mjini. Akaomba, macho chini. Odile akampimia bakuli, likajaa pomoni.

"Na makuta, mama?" Banza akauliza.

"Urudishie kampani, baba. Bachimbe nayo shaba."

Stesheni nzima ilicheka, hata wale vijana wake. Ernestine, aliyekuwa amemfuata kwa nyuma, alicheka kuliko wote. Alimdharau, na hakuficha. Akampokonya bakuli la unga, akatangulia nyumbani kusonga, wala hakumngoja.