Sinki la Kona

Asmahani alikuwa amekwisha kulipenda sinki kubwa jeupe kabla hata hajakaribishwa dukani. Lilikuwa pana kama sinia la pilau, na pembeni lina mahali pa kuweka sabuni, miswaki na chupa za dawa. Dawa ndizo alizozifikiria. Tangu mumewe Nasri arudishwe kutoka Dar, madaktari wakisema uvimbe wa ini haukatiki tena, chupa zilijaa kila dirisha la nyumba yao ya Makorora. Ndipo Asmahani alipong'ang'ania wajenge bafu jipya. Mtu anayejengewa bafu hafi kesho. Hivyo ndivyo alivyojiambia, na ole wake ambaye angembishia.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama," alisema Sabiri, mwenye duka.

"Marahaba," Nasri aliitikia, akakalia ndoo ya rangi apumzike. "Hebu nione lile dogo la kona."

"Baba Khadija, lile la kunawia vidole?" Asmahani aliuliza. "Tuache sinki tuchukue kibakuli?"

Nasri alitoa futi mfukoni, akapima lile kubwa polepole, akatikisa kichwa. "Bafu lina upana wa futi tano. Hili linakula mbili. Haitoshi."

"Haitoshi nini? Anaoga mtu mmoja, si ukoo mzima."

"Kitanda kinataka mbili na nusu," Nasri alisema, macho sakafuni. "Na waoshaji nao wapite."

Asmahani alitaka kuuliza kitanda gani kinawekwa bafuni, kisha akakumbuka. Miaka ishirini Nasri alikuwa akiitwa na watu wa msikiti kuosha maiti. Mwosha huoshwa, wenzake walikuwa wakimtania, naye akicheka. Lakini mwaka juzi alikwenda Moa kumwosha kaka yake, akarudi akakaa siku mbili hasemi. Bafu la kule lilikuwa finyu, kitanda cha kuoshea kikagoma kuingia, ikabidi marehemu aoshewe uani nyuma ya mashuka yaliyoshikiliwa na watu, na upepo ukiyafunua. "Kaka alikuwa mtu wa haya," ndilo pekee Nasri alilolisema.

Hasira zilimpanda Asmahani. "Kwa hiyo umenileta hapa nikuchagulie..." Sabiri aliinuka, akaenda kutafuta koki ambazo hakuna aliyemwagiza.

"Nimekuleta uchague sinki," Nasri alisema taratibu. "Rangi, koki, kila kitu chako. Mimi naomba nafasi tu."

Asmahani alimchukia kidogo saa ile, na zaidi alichukia kwamba alikuwa na haki. Kulichukua lile dogo ni kukiri kwa kinywa chake kwamba mume wake anaondoka. Kulichukua kubwa ni kumtoa uani, watu wamwone. Alisimama baina ya masinki mawili mpaka miguu ikamuuma.

"Kichwa kitakuwa upande gani?" aliuliza mwishowe.

"Dirishani. Maji yateremkie mlangoni."

"Basi fundi asiliweke kona ya dirishani," alisema. "Utagonga kichwa."

Nasri alimshika mkono. Asmahani akamwita Sabiri alifunge lile la kona.

Nasri alinawa kwenye sinki hilo wiki saba, nne akisimama, tatu akiwa ameketi kwenye kigoda. Siku kitanda kilipoletwa kutoka msikitini, Asmahani alikuwa chumbani na wanawake wenzake, kanga kichwani. Walimsomea, walimpa pole, yeye hakusikia neno. Alikuwa akisikiliza miguu ya wanaume ukumbini. Mlango wa bafu ulipofunguliwa alizuia pumzi, akingojea mbao zigonge ukuta, akingojea mtu aseme turudi, tumtoe nje.

Hakuna aliyesema. Mlango ulifungwa, maji yakaanza kumiminika, ndipo akalia.