Dawa Tupu

Kampuni iliyopewa kazi ya kuchanja ng'ombe ilikuwa na ajira moja tu ya kudumu. Bosi, Bainomugisha, alishasema wazi kwamba atakayechanja wengi ndiye atakayebaki, wengine waende makwao. Basi nyie, tangu siku hiyo pale ofisini Rubwera hapakukalika. Kila asubuhi bosi alisoma majina kwa sauti, na wa mwisho alichekwa mpaka basi.

Wa mwisho alikuwa Katusiime, siku zote yeye. Mvivu hakuwa, jamani. Dawa ikimwishia porini, alirudi Rubwera kuchukua nyingine. Mwenzake Mackrine akamhurumia, akamvuta pembeni.

"Dada, unajitesa bure. Dawa ikikaribia kuisha, ongeza maji. Ng'ombe anachomwa, anavishwa hereni sikioni, mwenye mali anakushukuru. Nani atajua?"

Katusiime alikataa katakata. Wiki ileile akaongeza maji kidogo. Juzi kule Ihembe akaongeza mpaka akaona aibu mwenyewe. Kesho yake akasomwa wa pili, nyuma ya mwenzao Kahigi, wakampigia makofi. Nisiseme uongo, alifurahi.

Asubuhi hii zikaja habari mbaya: homa ya mapafu, ileile wanayoichanjia, imeingia wilayani Kyerwa, ng'ombe wanakufa. Bosi akagawa vijiji harakaharaka. Kijiji cha Songambele akapewa Kahigi.

Moyo ukamlipuka Katusiime. Songambele ndiko kwao. Ng'ombe wa baba yake ndio waliomsomesha chuo, na maziwa yao ndiyo yanayomlisha mama yake hadi leo. Wakifa wale, nyumba nzima imekwisha. Akamkimbilia Kahigi, aliyekuwa ameshawasha pikipiki.

"Kaka Kahigi, zizi la mzee Mwebesa ni la baba yangu. Nakuomba sana, wale wachanje kweli."

Kahigi akazima pikipiki. "Kweli kivipi?"

"Usinifanye mtoto. Usiongeze maji."

Loo! Neno limeshatoka. Kahigi alitazama huku na huku, wala hakukana.

"Si wewe uliyechanja Ihembe juzi?" akauliza kwa sauti ya chini. "Zizi la Byaruhanga?"

"Ndiyo, mimi."

"Ni mjomba wangu yule. Ndiye aliyenilea. Nilitaka kukuomba hivihivi, nikaona haya. Uliwachanjaje?"

Katusiime akageukia ofisini. Bosi alikuwa amesimama mlangoni, anawaangalia. Akisema kweli, kazi hana, na wote wataumbuka. Akinyamaza, amejibu.

"Dawa tupu, kaka," akasema. "Haki ya Mungu."

Kahigi akashusha pumzi. Akamtazama machoni, akatabasamu, akawasha pikipiki.

"Basi usihofu, dada. Hata wa mzee nitawapa dawa tupu. Haki ya Mungu."

Akaondoka. Katusiime alitaka kupiga kelele amrudishe, lakini angemwambia nini? Vumbi la pikipiki lilitua, naye bado amesimama palepale.