Mizani ya Wasil Haikai Sawa

Mume wangu Wasil alikuwa na mizani ndogo ya kupimia baruti, na mwaka ule mizani hiyo ilinitia wazimu kuliko ambavyo mwanamke wa nje angeweza kunitia. Nasema kweli. Ilikaa kwenye meza yake ya kazi kule kwenye chumba cha chini ya nyumba, karibu na tanuri la kutupashia joto, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana alishuka kwenda kuisawazisha. Huku kwetu Pennsylvania wanaume wengi hujaza risasi zao wenyewe kabla ya msimu wa kuwinda kulungu. Baruti ikizidi kidogo tu, bunduki inaweza kumpasukia mtu usoni. Kwa hiyo mizani lazima isimame sawasawa, isitikiswe, isipigwe na upepo.

Chenyewe ni kitu chepesi: upau wa chuma, kisahani upande huu, ncha upande ule, na mguuni skrubu. Kisahani kikiwa kitupu, ncha inatakiwa ielekee sifuri. Isipoelekea, unazungusha skrubu polepole mpaka ikubali. Mwenye meza imara huifanya kazi hiyo mara moja akasahau. Wasil aliifanya kila wiki.

"Tekla!" ananiita kutoka chini. "Umeegemeza kikapu cha nguo mezani kwangu tena?"

"Nina wazimu? Meza yenyewe inanuka mafuta ya bunduki."

"Basi ni mashine yako ya kufulia. Inatikisa sakafu."

"Mashine haijawashwa tangu Jumatatu, mzee. Angalia, labda kilichopinda ni kichwa chako."

Akaikaza meza ukutani kwa bolti nne. Akaweka bamba zito la jiwe chini ya mizani. Akaizungushia kisanduku cha mbao kuzuia upepo wa tanuri. Mashine yangu akaisukuma mpaka kona ya mbali, bila hata kuniuliza. Jumamosi ikifika, ncha imeshuka chini ya sifuri.

Na mimi huku juu nilikuwa na vita vyangu na jiko. Nikikaanga vitunguu, mafuta yote yanakimbilia upande mmoja wa kikaango. Huku vinaungua, huku vibichi. Nikakunja kipande cha kadibodi nikakitia chini ya mguu wa jiko. Hiyo ilikuwa Septemba. Kufika Novemba vilikuwa vinne. Lawama zote nilimtupia Wasil, maana yeye ndiye aliyelifunga jiko lile. "Fundi gani wewe?" nikamwambia. "Mikono yote miwili ya kushoto!" Akashuka zake.

Nyumba ile ilijengwa na Baba. Ubao kwa ubao, kila akitoka mgodini, kabla mimi sijazaliwa. Nilizaliwa chumba cha nyuma. Wasil alinioa akahamia kwetu, na Baba alifia chumba cha mbele, mapafu yamejaa vumbi la makaa. Binti yetu Marta alipotupigia simu twende tukaishi naye Ohio, nilimkatia. Nilishaapa mbele ya watu wote kanisani kwamba mimi ndani ya nyumba ya Baba nitatoka nimebebwa.

Jumamosi moja ya Novemba nikashuka kutafuta kadibodi ya tano. Wasil hakunisikia. Skrubu ya mizani ilikuwa imefika mwisho, haizunguki tena, naye alikuwa anauinua mguu kwa karata za kuchezea, moja baada ya moja, pumzi ameibana.

"Hee, kumbe hata wewe!" nikaangua kicheko.

Kisha nikaacha kucheka. Karata zake zilikuwa upande uleule wa kadibodi zangu, upande wa nyumba unaoelekea kanisani. Mezani kulikuwa na maganda ya risasi, yote matupu. Mkebe wa baruti haujafunguliwa. Ukutani alikuwa ameandika kwa penseli tarehe za kila Jumamosi na mara ngapi amezungusha skrubu.

"Hujajaza hata risasi moja," nikasema.

"Hata moja."

"Sasa tangu Septemba unapima nini?"

"Nyumba," akasema. "Inashuka, Tekla. Nilikuwa naomba Mungu iwe ni mashine yako."

Kila mtu hapa mjini anajua makaa yalivyochimbwa. Wachimbaji huacha nguzo za makaa zishike dari ya mgodi. Kampuni ikitaka kufunga, wanaambiwa warudi nyuma wakizitoa na hizo nguzo, na ardhi ya juu inabaki bila cha kuishikilia. Mgodi wetu, ambao Wasil naye alichimba pamoja na Baba, ulifungwa miaka ishirini na miwili kabla ya siku hiyo.

"Siku ile kule chini nilihesabu hatua kutoka kwenye shimo la kuingilia," Wasil akasema. "Kanisa. Nyumba ya padri. Halafu sisi."

"Ulijua uko chini ya nyumba yangu?"

"Nilijua."

"Na nguzo ukaitoa!"

"Tuliitoa."

Nilizipangusa karata zile kwa mkono zikatawanyika sakafuni. Nikamwita muuaji, nikamwita mwizi, nikamwita majina ambayo sikujua kama ninayo. "Baba angejua angekuua kwa mikono yake!" nikapiga kelele. "Alikuchukua kama mwanawe, mbwa we!"

 Alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyozidi kunichoma.

"Sema!"

"Niache, mama Marta."

"Sema, nasema!"

"Tulikuwa wawili," akasema. "Mimi na baba yako. Kikosi kisichotoa makaa kilikuwa kinafukuzwa kazi. Mimi niligoma. Nikamwambia, baba, juu yetu wako Tekla na mtoto.  Akasema, haitashuka, na ikishuka mimi sitakuwepo. Utambi wa baruti aliuwasha mwenyewe."

"Unamsingizia maiti."

"Laiti ningekuwa namsingizia. Aliniapisha nisikwambie. Ningekufa nayo, Tekla, lakini lazima tutoke humu, na wewe husikii neno la mtu."

Nikakaa kwenye ngazi. Nilimchukia Wasil siku ile, si kwa nguzo, bali kwa kunieleza. Mpaka leo sijui kama nimemaliza kumchukia.

Wapimaji wa serikali walikuja na vyombo vyao, wakasema tuhame kabla ya theluji kubwa. Tulihama Desemba. Nilitoka kwa miguu yangu, sufuria mkononi. Majirani walikuwa wamejipanga barazani wakanikumbatia mmoja mmoja. "Pole, Tekla. Nyumba ya baba yako! Mtu mwema yule, na jasho lake lote!" Nilikuwa nalia hata njia siioni. Wakasema nalilia nyumba. Wasil alikuwa amesimama kando ya gari, anasikia yote. Nikawaambia ndiyo, nalilia nyumba.