Chupa Yenye Alama Nyekundu

Msumeno wa umeme ulimla seremala vidole vinne vya mkono wa kushoto, ukamwachia gumba peke yake. Dada yake, aliyefanya kazi maabara, akajaribu kumfariji.

"Kaka, mimi kila siku nakata minyoo bapa kwa wembe. Kipande kidogo kama ukucha kinaota kichwa na macho kwa wiki mbili. Tunatafuta molekuli zinazoiamrisha nyama iote."

Maneno hayo yalimkaa seremala moyoni.

Jumatatu mchana alifika maabara na nyundo.

"Fundi, umekuja kututengenezea mlango?" mlinzi alimtania.

Nyundo ilimjibu mdomoni. Mlinzi akaanguka, akitema meno na damu. Kioo cha mlango kikafuata.

"Dawa iko wapi?" seremala alimngurumia dada yake.

"Kaka, umeua mtu!"

"Iko wapi! Minyoo unaitibu, mimi wa tumbo moja na wewe unaniletea hadithi?"

Akafagia meza kwa nyundo. Visahani vikapasuka, minyoo ikatapakaa sakafuni, akaisaga kwa buti. Akaitupa nyundo, akafungua friji, akanyakua chupa yenye alama nyekundu na kung'oa kizibo kwa meno.

"Siyo hiyo!" dada alipiga kelele. "Hiyo inazuia! Mnyoo ukiwekwa humo kidonda kinaziba tu, hauoti kitu, mwisho unaoza!"

"Mwongo mkubwa wee."

Alipoinua chupa kunywa, dada alishika stuli ya chuma, akampiga mkono wa kulia kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia ka! Chupa ikapasuka chini. Akampiga tena begani. Pigo la tatu, la mgongoni, halikuwa na haja, naye alilijua hilo stuli ikiwa bado hewani.

Mlinzi alipona, lakini kusamehe alikataa, na nani angemlaumu? Kesi ikafunguliwa. Dada akafukuzwa kazi.

Seremala akaachiwa kwa dhamana, akangojea siku ya mahakama nyumbani kwa dada yake, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine una gumba tu. Dada ndiye aliyemlisha.

"Ungeniacha ninywe," alisema siku moja.

"Fungua mdomo."

Akaufungua, akapokea kijiko, kisha akamtemea chakula chote usoni. Dada akajifuta kwa kanga, akachota kijiko kingine.