Wembe wa Bandama

Daktari alipompaka kaka yangu Matonya ile jeli ya baridi tumboni, chale zake za bandama zikang'aa, tatu, zimejipanga chini ya ubavu. Mimi pia ninazo; mama alituchanja kwa wembe tukiwa wadogo. Nilisimama pale kama ndugu wa mgonjwa, lakini nimefanya kazi maabara miaka kumi na moja. Picha ya ini lake niliielewa kabla daktari hajafungua mdomo. Ilikuwa saratani, na ilikwisha kuenea.

Tulipotoka nje, Matonya akanishika mkono. "Devota, mama asisikie habari ya wembe."

"Nani kasema ni wembe?"

"Acha hizo. Mimi nimewasikiliza madaktari walivyoeleza kirusi hiki kinavyopita kwenye damu."

Kesho yake nikaenda kijijini Zuzu kumtoa mama damu, maana tuliambiwa familia nzima ipimwe. Nilimkuta anapepeta uwele. Akaitikia shikamoo yangu, akaweka ungo chini, akaniuliza bila kuzungukazunguka, "Ni kitu gani kinamla mwanangu?"

Nikajificha nyuma ya sayansi. Ndio woga wa sisi tuliosoma. Nikamwambia kirusi cha homa ya ini huingia ndani ya seli na kutengeneza protini ndogo, ambayo wataalamu waliipa jina la X kwa kuwa hawakujua kazi yake. "Seli ikiharibika, mama, ina walinzi wa kuiamuru ijirekebishe, au ife. Hii protini inawaziba midomo. Basi seli mbovu inabaki, inazaa mbovu wenzake, miaka thelathini, na mtu analima tu, hana habari."

"Miaka thelathini," mama akarudia. Nikaona anahesabu, nikajilaani.

"Siku ile mlipovimba bandama," akasema, "nilianza na mimi mwenyewe. Mlikuwa mnalia. Nikajichanja kwanza, nikawaambia, oneni, haiumi. Kisha Matonya. Kisha wewe."

Hilo sikuwahi kulijua. Matonya amenizidi miaka minne. Hapo ndipo nilipotambua kwamba yeye alikumbuka. Nikapandwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia. Wembe ulikuwa ule ule mmoja. Damu yangu ilikishinda kirusi, ya Matonya ikakipangisha chumba. Ningeweza kumwambia mama labda Matonya alizaliwa nacho, lakini hata njia hiyo ilipita kwa mama huyo huyo.

"Hakuna awezaye kujua kwa hakika, mama," nikasema. Ni kweli, na haikutusaidia kitu.

Akapandisha mkono wa gauni, akaninyooshea mkono. Mshipa niliupata mara ya pili. Akaitazama damu yake ikijaa kwenye kichupa.

"Matonya asijue," akasema. "Alikuwa mdogo, hawezi kukumbuka. Mwambie labda hicho kirusi alikipata kwa kinyozi, kule Chemba alikokuwa ananunua ng'ombe."

"Sawa, mama."

"Niapie."

Nikamwapia, huku nikimbonyezea pamba pale nilipomchoma.